Gari la Mama na Safari za Horohoro

Nyumbani kwa Mama,
Pongwe, Tanga.
10 Juni 2024

Mpendwa Kaka Alexander,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo kaka. Najua umeitikia huku unajiuliza barua ya karatasi ya nini zama hizi. Ngoja nikusalimie kwanza, hayo mengine yapo, hayakimbii. U hali gani? Ule mgongo uliokushika wakati wa baridi umekuachia? Wifi Anastella anaendeleaje na zamu zake za kutunza wazee? Watoto je, bado wanakumbuka kusema shikamoo bibi, au ndiyo wameshakuwa Wazungu kabisa? Mama aliwataja wote jana kwenye misa, mmoja mmoja kwa jina na kwa sauti, mpaka jirani yake wa benchi akamgusa bega.

Sisi tu wazima wa kusimama. Masika yalikuwa makali mwaka huu, choo cha uani kilititia lakini shemeji yako Zabron amekijenga upya. Precious yuko darasa la awali na anajiona yeye ndiye mwalimu. Timotheo ana meno mawili tu na yote anayatumia kwangu. Nimechoka kaka, sikufichi, lakini huo ni uchovu wa kila mwenye mtoto wa kunyonya. Si huo ulioniketisha hapa na kalamu, nguo zikiwa zimelowekwa kwenye beseni.

Naandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Nikisema, kaka, lile gari, unasema uko kazini. Jioni unasema niongee na Zabron aongee na fundi. Karatasi haina wa kuikatiza. Simu yangu ni ile ya tochi, kwa hiyo Mastura, mke wa Hatibu hapa ukuta kwa ukuta, atazipiga picha kurasa hizi na kukutumia kwa simu yake. Nakuomba uzisome zote kabla ya kunijibu.

Nianzie mbali kidogo ili tuende sawa. Unakumbuka siku gari ulilomtumia Mama lilipotoka bandarini. Mama alivaa gauni la Pasaka, na Pasaka ilikuwa imeshapita. Padre alikuja akalinyunyizia maji ya baraka nje na ndani, mpaka tairi la akiba, maana Mama alifungua mlango wa nyuma akasema, "Na hili, Padre." Kisha akasimama mbele ya Wakristo akasema, "Mwanangu amenikumbuka." Tangu siku hiyo hakuna anayesema gari la Alexander wala gari la Zabron. Ni gari la Mama. Jumapili anakaa mbele, na hata kanisa likiwa hapo nyuma ya nyumba lazima gari lizunguke njia kuu ili aonekane akishuka.

Ushuru wa kulitoa nao unaujua. Pikipiki ya Zabron ilikwenda, na ng'ombe wa Mama akaifuata. Sikuhesabii, kaka, nakuonyesha tu kwa nini hatuna pa kurudi. Zabron aliacha bodaboda akawa anawabeba watoto wa chekechea kuwapeleka Makorora asubuhi na kuwarudisha mchana. Siti saba, watoto wengi zaidi ya siti, wote wadogo. Tukasema Mungu ametufungulia.

Haukupita muda taa ya manjano ikawaka mbele ya usukani, ile yenye umbo la injini. Gari likaanza kukosa nguvu. Zabron akikanyaga mafuta linanguruma lakini haliendi, baiskeli inalipita na mwenye baiskeli anageuka kuangalia. Luqmani fundi akalichomekea mashine yake akasema chujio la moshi limeziba, lile ambalo mafundi wa hapa wanaliita masega. Akatuambia gari hili halitaki safari fupi fupi za kusimama kila mlango. Linataka barabara ndefu, mwendo mmoja, bila kusimama, ndipo lipate moto wa kutosha kuunguza masizi yake lenyewe. "Limevimbiwa," akasema. "Lipelekeni likatembee."

Basi tukawa tunalitembeza. Barabara ya Segera ina malori na matuta, haifai. Zabron akachagua ya Horohoro. Kila Jumamosi, wenzake wakiwa wamepumzika, yeye huwasha gari tupu, hupita mjini, hushika njia ya Mabokweni mpaka mpakani, hugeuza, hurudi. Hapeleki kitu, haleti kitu. Taa inazimika, Jumatatu anapakia watoto, na baada ya siku chache taa inawaka tena. Sehemu kubwa ya anachopata kwa watoto inaishia kwenye mafuta ya kulitembeza gari ili liweze kuwabeba watoto. Ndivyo tunavyozunguka, kama punda wa kinu.

Tulidhani ni ubovu wa kawaida, mpaka wewe mwenyewe uliponiambia Kwaresima ile siku nilipokubana. Ulicheka kidogo, nakumbuka. Ulisema magari ya aina ile yalitengenezwa yatambue yanapokuwa kwenye kipimo cha moshi. Yakiwa kwenye mashine ya wakaguzi yanatoa moshi wa kistaarabu, yakitoka barabarani yanatoa sumu yao. Kampuni ikakamatwa, na nyinyi wenye magari mkalipwa fidia. Lako ukalipeleka likarekebishwa, na tangu lirekebishwe likawa linaziba na kukosa nguvu. Halafu mjini kwenu Birmingham wakaanza kuyatoza magari ya namna hiyo kila yanapoingia, kwa ajili ya hewa. Hapo ndipo ukaona umkumbuke Mama.

Mimi nilikumbuka shule yetu ya msingi siku ya mkaguzi. Darasa linadekiwa, tunavalishwa viatu vya kuazimana, wanaojua kusoma wanakaa mbele. Mkaguzi akipanda gari lake, viatu vinarudi kwa wenyewe. Sikujua kwamba na watu wazima wenye viwanda wanafanya hivyo.

Kaka, sisemi ulikusudia kutudhuru. Wewe ndiye uliyedanganywa mwanzo. Ulinunua kwa jasho lako ukiamini umenunua kitu safi. Lakini mzigo ule uliotwishwa, ukautua mlangoni kwa mama yako ukiwa umefungwa utepe. Neno moja tu la kutuambia kabla Zabron hajauza pikipiki lingetosha. Hukulisema.

Sasa sikiliza lililotukuta kwa kukosa neno hilo.

Unamjua Zabron. Ni mkwe anayekaa ukweni, katika nyumba ambayo wewe ulimjengea Mama. Mwanamume wa namna hiyo hutembea pembeni ya ukuta hata kama hakuna aliyemwambia. Nilipomweleza ulichoniambia alisema, "Mama asijue. Mkwe hampelekei mama mkwe ubaya wa mwanawe." Tangu hapo Mama akiuliza Jumamosi anakwenda wapi anajibu, "Nalizungusha gari, Mama." Basi.

Lakini Pongwe ina macho. Mwanamume anakwenda mpakani kila Jumamosi na gari tupu, anarudi na gari tupu, hasemi amefuata nini. Mwanzo walisema sukari ya magendo. Trafiki wa kizuizini wakaanza kumfungulisha mpaka chini ya mazulia, hawakupata hata chembe. Ilipokosekana sukari, watu wakakubaliana ni mwanamke.

Mwanasiti, yule muuza vitumbua wa stendi, ndiye aliyeanza kunitia shombo. Nikifika ananiuliza mbele ya watu, "Devota, mwenzio wa Horohoro hajambo?" Siku nyingine akasema, "Tanga ni waja leo waondoka leo, lakini mumeo kawazidi, aenda leo arudi leo, tena na harufu ya marashi." Nikamwambia hiyo ni harufu ya dizeli. "Mapenzi yana harufu nyingi, mwanangu," akajibu, na foleni nzima ikacheka. Wiki iliyofuata akajifunga kanga imeandikwa SAFARI SI MZIGO, MWENYE MACHO AONE, akanipa vitumbua vyangu huku amegeuka, nisome vizuri.

Nami nilikuwa najua ukweli wote, kaka, na siwezi kuutoa. Nilirudi nyumbani nikawapa watoto vitumbua vyote.

Mama naye akasikia. Akaacha kuitikia salamu ya Zabron vizuri, anaitikia kwa puani. Kisha akamwita Mjomba Castory kutoka Muheza, tukakalishwa kikao. Mjomba akauliza, "Baba Precious, Horohoro unafuata nini?"

"Nalipeleka gari, Mjomba."

"Unalipeleka kwa nani?"

"Si kwa mtu. Nalipeleka tu, kisha nalirudisha."

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. "Bwana we, na mimi nimekuwa kijana. Hiyo ya kulipeleka na kulirudisha nimeifanya sana."

Watu wakacheka. Zabron alitazama vidole vya miguu yake. Mimi nilikuwa mkekani na Timotheo mapajani, maneno yote yamenijaa mdomoni. Nikimtetea mume wangu, namvua nguo kaka yangu mbele ya mama yetu. Nikimfunika kaka yangu, mume wangu anatoka pale uchi. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukawa ushahidi. Mama akasema, "Mnaona, hata mkewe hana la kusema."

Ni siku zile zile ulipompigia Zabron ukampa ushauri. Ulimwambia amwagize Luqmani akate masega ayatoe kabisa, aizime ile taa kwa mashine, kisha gari tumuuzie Hatibu, maana Hatibu anatafuta gari la abiria wa mpakani na amekuwa akilizungukia hili akiligonga gonga mabodi. Ulisema, "Likishawashwa bila taa nani atajua?"

Hilo nakujibu hapa kwa herufi kubwa kama nilivyofundishwa: HAPANA. Mastura ndiye aliyenishika kiuno nilipokuwa namzaa Timotheo, gari lenyewe likiwa limekosa nguvu njiani kabla hatujafika hospitali. Nimuuzie mumewe uongo ambao hata sisi tumeuziwa? Na masega yakikatwa, moshi wote unatoka nyuma mzimamzima, na nyuma ya gari ndipo watoto wanapojipanga kupanda. Precious kifua kinambana kila upepo ukibadilika, unalijua hilo, wewe ndiye unayemtumia ile dawa ya kuvuta. Hewa ya mjini kwenu ina wa kuitetea mpaka gari linatozwa. Ya kwetu, anayoivuta yeye, nani anaitetea? Nimeona ni mimi tu niliyebaki.

Zabron hakunipinga. Alisema tu, "Basi nitaendelea kwenda Horohoro." Alisema kama mtu anayesomewa kifungo.

Sasa nifike Jumamosi iliyopita. Asubuhi Zabron amewasha gari, tukamwona Mama anatoka ndani na lile gauni la Pasaka, rozari mkononi na mwavuli mkubwa kwapani. Hakukuwa na wingu hata moja. Akafungua mlango wa mbele akaketi. "Leo tunakwenda wote," akasema. "Na wewe Devota panda na mtoto wako, ukajionee." Nilimuuliza mwavuli wa nini. "Wa huyo mwanamke," akajibu, akafunga mkanda.

Tukaondoka. Mama anasali, Zabron anaendesha mwendo mmoja kama Luqmani alivyoagiza, hapunguzi, haongezi. Tumepita Mabokweni, Mama anachungulia kila nyumba yenye pazia jipya. Tumefika Horohoro, wauza korosho wakatukimbilia, Zabron akazunguka pale penye malori yanayosubiri kuvuka akarudisha uso wa gari Tanga.

"Simama," Mama akasema.

"Mama, nikisimama tumekuja bure. Halijamaliza."

"Halijamaliza nini?"

Zabron akakanyaga mafuta. Njiani kurudi ikaja ile harufu yake, kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo, ndiyo masizi yanaungua. Mama akanusa. Akaangalia ile taa ya manjano mbele ya usukani, akaendelea kuiangalia. Kabla ya Mabokweni ikazimika yenyewe. Nilimwona Zabron akishusha mabega na kuvuta pumzi, na Mama naye alimwona.

Tulipofika nyumbani Zabron alishuka akaenda zake uani. Mama hakushuka. Alikaa pale na mwavuli wake, kisha akaniuliza bila kugeuka, "Gari la mwanangu linaumwa?"

Kaka, nimekulinda miezi yote hii. Lakini nimemwangalia mama yetu shingoni, nywele zimekuwa nyeupe chini ya kitambaa, nikashindwa kuongeza uongo mwingine. Wala sikuwa na nguvu ya kusema ukweli ambao si wangu. Nikamwambia, "Muulize mwanao, Mama."

Akasema, "Na huyu mtoto wa watu amekubali kuitwa mzinzi, kumbe anauguza gari."

Alishuka, akamkamata yule jogoo mwekundu aliyekuwa akimfuga kwa ajili ya Krismasi, akaniambia niteleke maji. Unajua desturi ya nyumba hii. Firigisi ya jogoo ilikuwa ya Baba, na tangu Baba atutoke ni yako. Hata ukiwa huko Ulaya, kila Krismasi Mama huiweka kwenye kisahani chako, huiombea, ndipo huwagawia wajukuu. Jumamosi aliipakua, akaifunika, akampa Precious akisema, "Mpelekee baba yako. Mwambie imetoka kwa bibi."

Zabron aliiangalia muda mrefu kabla hajaila. Nikamwona anafuta macho kwa mkono wenye mafuta ya mchuzi. Hata mimi.

Usinielewe vibaya, hakuna aliyekuvua cheo chako. Lakini ujue kwamba kisahani chako kimetembea.

Leo Jumatatu asubuhi Zabron amepakia watoto, na kabla hajafika kwenye lami taa imewaka tena. Kwa hiyo hatujatoka, kaka. Gari ni lile lile, mafuta ni yale yale, Jumamosi ni Horohoro. Mwanasiti bado ana kanga yake. Mimi sikuombi pesa wala gari lingine. Nakuomba umpigie mama yako umweleze kwa mdomo wako, kuanzia kule kwenye kipimo mpaka hapa mlangoni. Ukishasema wewe, Zabron atapata kulisema gari hadharani, litaegeshwa au litauzwa kwa ubovu wake kwa anayeutaka, na mume wangu atarudi kutafuta riziki akiwa na jina lake. Usiposema wewe, hakuna mwingine katika nyumba hii mwenye ruhusa ya kusema. Sisi sote tumefungiwa ndani ya gari hilo na ufunguo uko Birmingham.

Nimempa Mastura kurasa za nyuma asome kabla ya kuzipiga picha, maana sikutaka zipite kwenye simu yake kama mwizi. Amesoma akiwa amesimama, kisha akakaa. Amesema Hatibu atakasirika wiki moja halafu atashukuru. Kwa hiyo lile la kumuuzia limekwisha, usimpigie tena Zabron kwa ajili hiyo.

Mama yeye hatakupigia. Namjua. Tangu Jumamosi simu yake haikai tena juu ya kabati. Ameifunga kwenye pindo la kanga, anakwenda nayo bombani, anakwenda nayo shambani, jana alikwenda nayo kanisani ikiwa imewashwa, na Padre alipotazama upande wake hakuizima. Kila ikilia anaangalia namba kwanza, akiona si yako anampa Precious apokee. Anasubiri moja tu.

Msalimie sana wifi Anastella, mwambie kitenge chake kipo kwa fundi, kitakuja na atakayesafiri. Wabusu watoto. Zabron anakusalimia, tena kwa moyo, hana kinyongo. Mjomba Castory hajambo, yuko kwake Muheza, naye ana maneno ya kufuta. Mastura anasema salamu zake umeshazipata kwa kidole kilichobonyeza picha.

Mungu aliyekuvusha bahari akulinde mgongo, akulainishie na ulimi.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata nikiwa nimekukasirikia,

Devota

Mama anachaji usiku, kaka. Mchana wote simu iko wazi.